Gopher kwenye kompyuta yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na vijana ninaowafundisha kompyuta, na mafundi wanaopenda mashine za zamani, na watu wazima wachache waliowahi kuiona Gopher ikiwa kazini. Yameanzia yale ya mwanzo kabisa. Kama umeshasakinisha na mambo yamegoma, ruka hadi sehemu ya "Imegoma".

## Mambo ya msingi

1. Gopher ni nini hasa?

Ni mfumo wa kuorodhesha na kufikisha habari kwenye intaneti, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1991. Ukiufungua unakuta orodha. Ukichagua mstari mmoja unapata ama orodha nyingine, ama kitu chenyewe: waraka, picha, programu. Ongeza kisanduku cha kutafutia hapa na pale, umemaliza.

Fikiria masijala ya ofisi ya zamani. Unavuta droo, ndani kuna mafaili yenye majina mgongoni, na ndani ya faili kuna karatasi. Ila kabati hili lina maajabu yake: droo moja inaweza kuwa iko Minnesota na ya chini yake iko Japani, na wewe unayevuta huhisi tofauti. Kabla ya hapo ilibidi ujue jina la kila kompyuta unayoitaka, uingie kwa telnet au FTP (njia za zamani za kuingia kompyuta ya mbali na kuchukua mafaili), na ukariri amri za kila mahali.

Jina Gopher linabeba vitu vitatu: itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kompyuta mbili, seva inayotoa habari, na programu unayoweka kwako ili uzisome. Wengi wanaoniuliza habari za "kusakinisha Gopher" wanataka hiyo ya tatu.

2. Kwa nini ipewe jina la mnyama?

Gopher ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, mchimba mashimo, kazi zake kama za fuko wetu wa shambani. Ndiye nembo ya timu za michezo za chuo hicho. Halafu Wamarekani wana neno linalotamkwa karibu vivyo hivyo kwa yule mtu wa kutumwatumwa ofisini: lete chai, peleka barua, kimbia kachukue faili. Waundaji wake, Mark McCahill, Farhad Anklesaria, Paul Lindner, Daniel Torrey na Bob Alberti, walizipenda maana zote mbili. Mpaka leo mahali pa mtu kwenye Gopher huitwa shimo lake.

3. Tofauti yake na wavuti iko wapi?

Kwenye wavuti, mwandishi wa ukurasa ndiye anayeamua rangi, herufi, picha na matangazo. Kwenye Gopher anaamua mpangilio wa orodha na maneno tu. Sura ya kitu kwenye skrini ni kazi ya programu yako. Viungo havikai katikati ya maandishi, vinakaa kwenye menyu. Hakuna vidakuzi, hakuna hati zinazojiendesha nyuma ya pazia, hakuna video inayoanza kupiga kelele usiku watoto wamelala.

Hasara ni hizo hizo ukizigeuza. Huwezi kujaza fomu ndefu, huwezi kununua kitu, na huwezi kuweka benki humo (tazama swali la 20).

4. Kama ilikuwa nzuri hivyo, mbona ilishindwa?

Sababu inayotajwa sana ni pesa. Mapema mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Minnesota kilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa programu yake ya seva, hasa wa kibiashara, watalipia leseni. Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo CERN, kituo cha utafiti kilichoko Geneva, kikautoa wavuti bure kwa kila mtu. Ukiwa na kampuni yako changa, ungechagua ipi?

Lakini pesa peke yake haitoshi kueleza. Mwaka 1993 ndio uliokuja na Mosaic, kivinjari kilichoonyesha picha katikati ya maandishi, na kilifungua Gopher pia. Mtu akishakuwa na Mosaic hana haja ya programu nyingine. Mwaka 1994 wavuti ukaipita Gopher kwa wingi wa matumizi na haikurudi tena mbele. Chuo kilikuja kuiachia programu hiyo chini ya leseni huria ya GPL mwaka 2000, wakati wateja wameshatawanyika.

5. Kwetu Afrika Mashariki iliwahi kutumika?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachache waliokuwa na mtandao huku walikuwa na baruapepe tu. Mitandao kama HealthNet ya SatelLife, iliyowahudumia watu wa afya, ilibeba ujumbe kwa mafungu: kompyuta inapiga simu kwa modemu au inasubiri satelaiti ipite juu, inapokea na kutuma, kisha inakata. Kuvinjari moja kwa moja hakukuwezekana kwa njia hiyo.

Palikuwa na mlango wa uani, uitwao Gophermail. Unatuma barua tupu kwenye seva yake, inakujibu kwa menyu. Unaijibu menyu hiyo ukiwa umetia alama ya x mbele ya mistari unayoitaka, na kwenye mzigo unaofuata unaletewa ulivyochagua. Menyu moja kwa siku, au mbili mambo yakiwa mazuri. Kwa kuwa menyu na nyaraka za Gopher ni maandishi yaliyopangwa mstari kwa mstari, zilisafiri ndani ya barua bila kuharibika. Jaribu kufanya hivyo na ukurasa wa wavuti wa leo.

6. Bado kuna kitu humo, au ni makaburi matupu?

Bado wamo watu. Mahali pa kuanzia ni gopher.floodgap.com, panapotunzwa na Cameron Kaiser. Kuna hali ya hewa, habari, orodha ya seva nyingine na mtambo wa kutafutia. SDF, jumuiya ya watu wanaotumia kompyuta za pamoja kupitia mtandao, huwapa wanachama wake nafasi ya kuweka mashimo yao, na humo utakuta shajara za watu, mapishi, masimulizi ya kutengeneza redio, malalamiko ya kawaida ya binadamu.

Usitarajie Kiswahili. Nimetafuta sana na nilichopata ni kidogo mno. Hilo ndilo lililonifanya niandike majibu ya swali la 19 na la 22.

## Kusakinisha kwenye kompyuta ya leo

7. Niweke programu gani?

Kwa mtu anayeanza nasema Lagrange. Ina madirisha, inatumia kipanya, inaonyesha menyu vizuri, na iko kwa Windows, Mac na Linux. Imetengenezwa kwanza kwa ajili ya Gemini (swali la 21) lakini inaifahamu Gopher barabara. Ukishaisakinisha, andika kwenye kisanduku cha anwani:

`gopher://gopher.floodgap.com`

Kwa mtu asiyeogopa dirisha la amri nasema Lynx, kivinjari cha maandishi kilichoanzia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1992 na bado kinatunzwa. Kwenye Debian au Ubuntu:

`sudo apt install lynx`

Kwenye Mac yenye Homebrew, `brew install lynx`. Kwenye Windows 10 au 11 njia rahisi ni kuwasha WSL, yaani Linux ndani ya Windows, kisha ile ile amri ya Ubuntu. Halafu:

`lynx gopher://gopher.floodgap.com`

Mimi natumia Lynx. Inafunguka kabla sijaondoa kidole kwenye Enter.

8. Mbona nikiandika anwani hiyo kwenye Chrome haifunguki?

Kwa sababu Chrome haijawahi kuijua Gopher. Internet Explorer iliijua, ikafungiwa mwaka 2002 baada ya kugundulika tundu la usalama, na toleo la 7 likaiondoa kabisa. Firefox iliiacha kuanzia toleo la 4, mwaka 2011. Kama huna ruhusa ya kusakinisha kitu kwenye kompyuta ya kazini, Floodgap wana proksi inayofungua kurasa za Gopher ndani ya kivinjari cha kawaida, kwenye gopher.floodgap.com/gopher. Yatosha kuonja tu, maana polepole utachoka nayo.

9. Sina kompyuta, nina simu. Je?

Kwenye Android sakinisha Termux, dirisha la amri la Linux kwenye simu, kutoka duka la programu huria la F-Droid, ifungue, kisha andika `pkg install lynx`. Mengine ni kama kwenye Linux. Tatizo litakuwa kibodi: Lynx inataka funguo za mishale, nazo Termux imeziweka kwenye ule mstari mdogo juu ya herufi. Vidole vinene vitapata tabu.

10. Inakula bando kiasi gani?

Piga hesabu mwenyewe. Menyu ya mistari 40, kila mstari herufi 80 pamoja na anwani zake zilizofichika, ni herufi 3,200. Hiyo ni kama KB 3. Kwa MB 1 unafungua menyu zaidi ya 300. Kwa modemu ya zamani ya biti 2,400 kwa sekunde, menyu hiyo ilichukua kama sekunde 13 kushuka, na watu waliona ni haraka.

Angalizo: picha ni picha. Ukipakua picha ya MB 4 kupitia Gopher, bando lako limepungua MB 4.

## Kutumia

11. Nimeingia, naona orodha. Sasa?

Kwenye Lynx, mshale wa chini na wa juu hukupeleka mstari hadi mstari. Mshale wa kulia unafungua, wa kushoto unarudi ulikotoka. Ukishazoea mishale minne hiyo umeshajua sehemu kubwa. Ziada ni herufi moja moja: `g` kuandika anwani mpya, `a` kuweka alamisho, `v` kuziona alamisho, `d` kupakua, `p` kuhifadhi waraka kwenye faili, `q` kutoka.

Mwanzoni mwa kila mstari kuna neno kwenye mabano linalokuambia nini kiko ndani. (DIR) ni orodha nyingine, (FILE) ni maandishi, (IMG) ni picha, (BIN) ni faili la kupakua, na (?) ni kisanduku cha kutafutia. Programu asilia ya Unix ilitumia mkwaju mwishoni mwa mstari badala ya DIR. Kwa hiyo ukikuta maelekezo ya zamani yakisema "chagua mstari wenye mkwaju", ndiyo maana yake.

Ukikutana na (CSO) usishangae pasipofunguka. Hivyo vilikuwa vitabu vya simu vya vyuo: unaandika jina la mtu, unapewa chumba chake na namba yake. Vingi vilizimwa zamani, na kwa sababu nzuri.

12. Natafutaje kitu bila kufungua orodha moja moja?

Mwaka 1992 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, Steven Foster na Fred Barrie, walitengeneza Veronica. Iliyapitia mashimo yote iliyoyajua, ikakusanya majina ya mistari ya menyu, ikayaweka mahali pamoja pa kutafutia. Mwaka uliofuata Rhett Jones wa Chuo Kikuu cha Utah akatoa Jughead, yenye kazi kama hiyo kwa seva chache tu. Majina yametoka kwenye vikatuni vya Archie, kwa sababu tayari palikuwa na mtambo uitwao Archie wa kutafuta mafaili ya FTP.

Leo iliyo hai ni Veronica-2, pale pale Floodgap. Kumbuka inatafuta kwenye majina ya mistari, haisomi ndani ya nyaraka. Ukiandika "upepo" itakuletea mstari wenye neno upepo. Shairi zima la upepo lililopewa jina "Usiku wa tatu" halitaonekana. Tumia neno moja au mawili, na uwaze kama mtu anayebandika kibandiko kwenye boksi.

13. Ile tarakimu katikati ya anwani ni ya nini?

Chukua mfano huu:

`gopher://example.org/0/hadithi/sungura.txt`

Hiyo 0 haimo kwenye jina la faili. Ni aina ya kitu, na inaiambia programu yako itegemee nini: 0 ni maandishi, 1 ni menyu, 7 ni kutafuta, 9 ni faili la kupakua, g ni picha ya GIF, I ni picha ya aina nyingine. Ukikosea ukaweka 1 mbele ya faili la maandishi, programu itajaribu kulisoma kama menyu na kukumwagia vurugu. Ni kosa la kwanza la kila anayeandika anwani kwa mkono.

14. Nataka kuona kinachopita kwenye waya. Inawezekana?

Inawezekana, na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwenye Linux au Termux yenye netcat andika:

`printf '\r\n' | nc gopher.floodgap.com 70`

Umeitumia seva mstari mtupu kwenye poti 70, yaani mlango ambao Gopher husikilizia. Yenyewe itakujibu kwa menyu yake kuu kisha ikakata simu. Kila mstari umejengwa hivi: herufi ya aina, jina la kuonyesha, kichupo (Tab), njia, kichupo, jina la seva, kichupo, poti. Mwisho kabisa nukta moja peke yake kwenye mstari wake. Mazungumzo yote ndiyo hayo. Yameandikwa kwenye waraka wa RFC 1436 wa Machi 1993, na mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye subira anaweza kuandika programu yake ya kusoma Gopher mwishoni mwa wiki moja. Ninao waliofanya.

## Kompyuta za zamani: DOS na Windows 3.1

15. Nina 486 yenye DOS. Inaweza kuingia Gopher ya leo?

Inaweza, na hapa ndipo Gopher inapoupiga chenga wavuti. Tovuti za leo zinadai usimbaji fiche ambao mashine ile haina nguvu wala programu ya kuufanya. Gopher haidai kitu. Seva ya leo inazungumza lugha ile ile ya mwaka 1991.

Unahitaji vitu vitatu kwa mpangilio huu: kadi ya mtandao, draiva ya paketi ya kadi hiyo, na programu ya kusoma. Kwa kadi zilizozoeleka, kama zile za NE2000, draiva zimo kwenye mkusanyiko wa Crynwr unaopatikana bure. Kwenye AUTOEXEC.BAT unaweka kitu kama hiki:

`C:\NET\NE2000.COM 0x60 3 0x300`

0x60 ni mlango ambao programu zitabisha kuitafuta draiva. 3 ni IRQ, namba ya mstari ambao kadi hutumia kuiita kompyuta, na 0x300 ni anwani ya kadi. Mbili hizi za mwisho lazima zifanane na zilivyowekwa kwenye kadi yenyewe, iwe kwa vijumpa au kwa diski yake ya kusanidi. Nilipoteza Jumamosi nzima kwa sababu kadi niliyouziwa kwenye duka la vifaa chakavu ilikuwa imewekwa IRQ 5, nami nikawa naandika 3 kwa mazoea. Draiva ilipakiwa vizuri, ikaonyesha hadi namba ya kadi, ila hakuna kilichopita.

Kabla ya kugusa Gopher, jaribu mtandao kwa mTCP, mkusanyiko wa programu za mtandao za DOS wa Michael Brutman. Kwenye faili lake la mpangilio andika `PACKETINT 0x60`, iambie DOS lilipo kwa `SET MTCPCFG=C:\NET\MTCP.CFG`, kisha endesha `DHCP`. Ukipewa anwani na ruta, na `PING` ikajibiwa, tatizo lolote litakalofuata si la kadi. Sasa weka Gopherus ya Mateusz Viste, iliyoandikwa miaka ya karibuni kwa ajili ya watu kama sisi. Au ukitaka ladha halisi, PC Gopher yenyewe ya Minnesota. Fahamu tu kwamba programu za zamani zilizojengwa juu ya WATTCP, maktaba nyingine ya mtandao ya DOS, husoma faili lao wenyewe, WATTCP.CFG, wala hazijali ulichoandika kwenye MTCP.CFG.

16. Na Windows 3.1?

Windows 3.1 ilitoka kiwandani haijui intaneti. Wengi waliongeza Trumpet Winsock ya Peter Tattam wa Tasmania. Kwa kadi ya mtandao, unapakia draiva ya paketi kama swali la 15, halafu WINPKT.COM juu yake, ndipo unawasha Windows na kufungua TCPMAN. Ukisahau WINPKT, Windows inaweza kuganda. Windows for Workgroups 3.11 ina njia nyepesi zaidi: TCP/IP-32 ya Microsoft yenyewe.

Ikishakaa, chagua HGopher au WSGopher. Napendelea WSGopher kwa alamisho zake. Zote mbili zimetoka kabla ya mazoea ya leo ya kuweka mistari ya maelezo ndani ya menyu, aina ya "i", kwa hiyo menyu za kisasa zinaweza kuonekana na mistari ya ajabu isiyofunguka. Iruke.

17. Sina kompyuta ya zamani lakini nataka kuonja. Na mafaili yenye majina marefu?

DOSBox-X, programu inayoiga kompyuta ya DOS ndani ya kompyuta ya leo, inaiga pia kadi ya NE2000. Washa `ne2000=true` kwenye mpangilio wake, angalia humo namba ya IRQ na anwani ya kadi, kisha fuata swali la 15 ukitumia namba hizo.

Kuhusu majina: DOS inakubali herufi nane, nukta, na tatu. Kila unapohifadhi, lipe faili jina fupi wewe mwenyewe. Ukiiachia programu ikate, `hadithi-ya-sungura.txt` na `hadithi-ya-simba.txt` zote zinaweza kuwa `HADITHI-.TXT`, na ya pili ikaila ya kwanza.

## Imegoma

18. Inasema haiwezi kuunganisha, au inasubiri tu. Nifanye nini?

Kwanza jaribu gopher.floodgap.com. Ikifunguka, seva uliyoitaka ndiyo imekufa. Hayo ni ya kawaida, na menyu nyingi zina viungo vilivyokwisha zamani.

Isipofunguka, shuku poti 70. Mitandao mingi ya ofisi na shule hupitisha poti za wavuti peke yake. Kwenye chuo kimoja tuliingia na kompyuta kumi na mbili, hata moja haikuunganisha. Msimamizi wa mtandao akatuapia kwamba hajazuia chochote. Nikawasha simu yangu kama hotspot, zote kumi na mbili zikafunguka. Tangu siku hiyo nabeba bando langu. Jaribio hilo la hotspot ndilo la haraka kuliko yote.

Kama unapata ujumbe kwamba kitu hakipo, angalia herufi kubwa na ndogo. Kwenye seva nyingi `/Vitabu` na `/vitabu` ni mahali pawili tofauti. Kama unatumia curl, programu ya kupakua kwa amri, andika `curl -V` na utazame kama neno gopher limo kwenye orodha ya itifaki, kwani baadhi ya matoleo yamejengwa bila hiyo.

19. Maandishi yangu yanatoka na alama za ajabu badala ya herufi. Kwa nini?

Gopher ya awali ilitegemea herufi za kawaida za Kiingereza, na nyongeza za Ulaya Magharibi. Waandishi wa lugha zenye alama juu ya herufi wanahangaika hadi leo. Sisi tuna bahati: Kiswahili chetu kinaingia chote kwenye ASCII, yaani hizo herufi za kawaida za Kiingereza, kuanzia "baba" hadi "mshughulishaji".

Chote isipokuwa mahali pamoja: ng'. Ukiandika ng'ombe kwenye Word, programu inageuza kile kikato kuwa kile kilichopinda, kisha unanakili kwenye faili, na msomaji wa programu ya zamani anaona `ngâ€™ombe`. Tumia kikato kilichonyooka, cha kibodi. Zima ile huduma ya Word ya kupindisha alama, au andika kwenye Notepad.

Kisha kata mistari mwenyewe kwenye herufi 70 au pungufu. Programu nyingi hazikati, na skrini za zamani zina nafasi 80. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo ukingo wa kulia utakuwa na meno. Wacha uwe hivyo. Kuunganisha neno kwa kistari mwisho wa mstari kunaharibu utafutaji.

20. Ni salama?

Kila unachosoma kinapita wazi. Aliye katikati, awe mwenye Wi-Fi ya mgahawa au mtoa huduma, anaona. Usipitishe nywila wala chochote usichotaka kusomwa. Kwa upande mwingine, hakuna hati zinazojiendesha, kwa hiyo menyu peke yake haiwezi kukufanyia vituko. Faili la kupakua ni jambo jingine, lipitishe kwenye kinga ya virusi kama lolote lile.

21. Gemini ndiyo Gopher mpya?

Hapana. Ni ndugu mdogo aliyezaliwa mwaka 2019 kwa mkono wa mtu anayejiita Solderpunk, mwenyewe mkazi wa Gopher. Inasimba kila kitu na inaruhusu viungo ndani ya ukurasa. Wengi wana vyote viwili. Haifanyi kazi kwenye 486, kwa sababu iliyotajwa swali la 15.

## Shimo lako mwenyewe

22. Naweza kuweka seva yangu?

Ndiyo, hata kwenye Raspberry Pi. Sakinisha Gophernicus, weka mafaili kwenye folda yake (mara nyingi `/var/gopher`), na yatajiorodhesha yenyewe. Ukitaka menyu nzuri, tengeneza faili liitwalo `gophermap` ndani ya folda hiyo:

```
Karibu. Hapa pana hadithi na mapishi.

0Sungura na fisi	/sungura.txt
1Mapishi ya pwani	/mapishi
```

Kati ya jina na njia ni kichupo, yaani kitufe cha Tab mara moja. Wahariri wengi wa maandishi hugeuza kichupo kuwa nafasi nne bila kukuuliza, na mstari wako utaonekana kama maelezo yasiyofunguka. Wanafunzi wote wameangukia hapo, na mimi mwenyewe sijapona.

23. Shule yetu haina intaneti. Kuna maana yoyote?

Labda zaidi kuliko kwa mwenye nayo. Gopher haihitaji intaneti, inahitaji kompyuta mbili zinazosikilizana. Weka seva kwenye mashine moja, ziunganishe nyingine kwa swichi au Wi-Fi ya ruta isiyo na laini, na badala ya jina la seva andika anwani yake ya ndani, kwa mfano `gopher://192.168.1.10`. Notsi, mitihani ya miaka iliyopita, kamusi, ratiba: kila mwalimu anapewa folda yake, akiongeza faili linaonekana papo hapo. Mashine za wanafunzi zinaweza kuwa zile kuukuu zilizoshindwa na Windows mpya. Usisahau kuipa seva anwani isiyobadilika kwenye ruta, la sivyo umeme ukikatika na kurudi, anwani inahama na darasa zima linakuita.